Tahadhari: Usikaze Kaboni kwa Nguvu za Mkono

Kama una baiskeli ya milimani uliyoiunda kwa fremu ya kaboni, au uliyoundiwa na fundi wa mtaani, usiteremke nayo mlima wikendi hii kabla hujaikagua. Baiskeli za aina hii, zenye shokapu mbele na nyuma, zinazidi kuonekana kwenye njia za Karura na Ngong, na kwenye miteremko ya Usambara. Nyingi hazikutoka kiwandani zikiwa kamili. Fremu imeagizwa mtandaoni au imepatikana kwenye mtumba, uma umetoka kwingine, magurudumu kwingine, na kazi ya kuziunganisha imefanywa kwa spana zilezile zilizozoea baiskeli za chuma za Phoenix na Swala. Fremu nyingi huharibikia hapo, mezani kwa fundi, kabla hazijaona jiwe hata moja.

Fundi aliyekulia kwenye baiskeli za chuma ana ujuzi mkubwa, na simbezi. Anajua kunyoosha uma uliopinda, kusawazisha rimu kwa macho, kuchomelea fremu iliyoachia. Lakini ujuzi huo umejengwa juu ya tabia ya chuma, na chuma kikizidiwa hupinda kwanza. Unakiona kimepinda, unashuka, unaikokota baiskeli hadi kwake. Kaboni haina desturi hiyo. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na mwelekeo wake, zikashikwa na gundi ngumu ya epoksi. Ukiivuta kwa upande nyuzi zilikolala, nguvu yake inashangaza. Ukiibana ubavuni, ukiigonga na nyundo au ukiifunga kwenye jiliwa, tabaka huachana ndani kwa ndani huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Baiskeli itakubeba wiki, pengine miezi, halafu siku moja inakatika ghafla mahali ulipopita mara nyingi bila tatizo.

Anza na bolti. Kwenye shingo ya usukani na kwenye kibano cha kiti utaona mara nyingi namba ndogo imeandikwa pembeni: 4 Nm, 5 Nm, wakati mwingine 6. Hiyo ni newtoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza, na wengi huipita bila kuitazama. Ukitaka kujua newtoni mita 5 ni kiasi gani, chukua spana ya L yenye mkono wa sentimita 10, ilaze, kisha ning'iniza mfuko wa sukari wa kilo 5 kwenye ncha yake. Uzito huo ndio ruhusa yote uliyopewa. Mtu mzima akiiegemea spana hiyo kwa kiganja anaweka kilo 20 bila hata kukunja uso, yaani mara nne ya kiwango. Akichomeka kipande cha bomba ili kuurefusha mkono wa spana, kama tunavyofanya kwenye nati za mkokoteni, hesabu hiyo haina maana tena. Usukani wa kaboni utapasuka chini ya kibano, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ufungue tena.

Kwa hiyo spana ya torki, ile inayokuonyesha umekaza kwa kiasi gani, ni kifaa cha lazima. Bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya fremu. Kama fundi wako hana, nunua yako umpelekee pamoja na baiskeli, na usione aibu kusimama pale akiitumia. Ila tusikimbilie upande wa pili tukakaza kila kitu kwa 5. Bolti za krenki za Shimano zinazobana pembeni hutaka 12 hadi 14, kaseti hutaka 40, na maungio ya mkono wa nyuma kila fremu ina namba zake. Ungio lililolegea nalo huua fremu: bolti hucheza na kulitafuna tundu lake ndani ya kaboni, taratibu, safari baada ya safari. Namba za maungio hayo ziko kwenye karatasi ya mtengenezaji wa fremu. Fremu isiyokuja na karatasi, wala mtengenezaji anayejulikana wa kumwomba, ni ya kutiliwa shaka tangu siku ya kwanza.

Kuna mazoea mengine ya fundi wa chuma yanayopaswa kuachwa mlangoni. Grisi kwenye bomba la kiti ni mojawapo. Kwenye kaboni kiti kitateleza kushuka, fundi ataongeza kukaza, kitateleza tena, ataongeza tena, mpaka pasikike mlio. Kinachopakwa hapo ni losheni maalumu ya kaboni yenye chembechembe za kukwaruza, ambayo hufanya bomba lishike kwa bolti iliyokazwa kidogo tu. Beringi za krenki zile za kusukumizwa huingizwa kwa kifaa cha kusukumia chenye parafujo, zikienda taratibu na zikiwa zimenyooka. Nyundo na kipande cha mbao hapana. Kama uma wako una shina la kaboni, ile nati ya nyota inayogongewa ndani ya shina la alumini ni marufuku kabisa, kwa sababu inapasua shina kutokea ndani. Shina la kaboni hutumia plagi inayotanuka. Na unapoitundika baiskeli kwenye stendi, bana bomba la kiti. Bomba la juu la fremu ni jembamba na lina kuta nyepesi, na taya za stendi zinaweza kulivunja huku fundi akisafisha mnyororo tu.

Walio Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wana shida ya ziada. Alumini ikigusana na kaboni penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kutu yake nyeupe, inavimba na kung'ang'ania. Bomba la kiti la alumini lililoachwa mwaka mzima ndani ya fremu ya kaboni huko pwani linaweza kukataa katakata kutoka, na atakayejaribu kulizungusha kwa jiliwa ataondoka na vipande vya fremu mkononi. Litoe mara kwa mara, futa, paka losheni, rudisha.

Sasa shokapu ya nyuma, ambako naona ndiko kosa la gharama kubwa linakofanyika, na wanaolifanya ni watu makini kabisa. Shokapu hupimwa kwa namba mbili: urefu kutoka tundu hadi tundu, na mwendo wake wa kubonyea. Fremu nyepesi ya mashindano inaweza kuwa imesanifiwa kwa 190 kwa 40. Sokoni unakuta 190 kwa 45. Ukizilaza mezani zinafanana kama mapacha, maana urefu ni mmoja na mara nyingi mwili ni mmoja. Tofauti ni kipande kidogo cha plastiki kilicho ndani kinachozuia mwendo. Inaingia, bolti zinapita, kila mtu anafurahi. Lakini mkono wa nyuma huzidisha mwendo. Fremu yenye milimita 100 za mwendo wa gurudumu kwa 40 za shokapu huzidisha mara mbili na nusu, kwa hiyo milimita 5 za ziada pale juu zinakuwa zaidi ya 12 kwenye gurudumu. Mara ya kwanza utakapotua vibaya kutoka kwenye gema, tairi litagonga bomba la fremu lililo chini ya kiti, au kiungo cha chuma kitapiga ukuta wa kaboni ambao haukutengenezwa kupigwa.

Kulijua hili hakuhitaji maabara. Toa hewa yote ya shokapu polepole, kisha kandamiza kiti mpaka shokapu ifike mwisho wa mwendo wake. Mwenzako achuchumae pembeni na tochi. Atazame nafasi kati ya tairi na bomba hilo la fremu, kati ya viungo na fremu, na nyaya za breki zisije zikabanwa. Kama chochote kinagusa, shokapu hiyo si ya fremu hiyo, hata kama uliinunua kwa bei ya kutupa. Mbele nako ni vilevile: fremu iliyotengenezwa kwa uma wenye mwendo wa milimita 100 au 120 ukiifunga uma wa 150, umerefusha wenzo unaovuta kichwa cha fremu kila gurudumu linapogonga jiwe.

Kuhusu fremu za mtumba nitasema waziwazi: ile iliyopakwa rangi upya iache. Ufa wa kaboni ukijazwa puti ya bodi za magari na kupigwa rangi haujatengenezwa, umefichwa. Matengenezo ya kweli yapo, lakini ni kuondoa sehemu iliyokufa na kulaza nyuzi mpya tabaka kwa tabaka kwa mwelekeo wake. Dawa za kuyeyushia rangi nazo hushambulia ile epoksi iliyoshika nyuzi. Ukiipata fremu yenye rangi yake ya asili, ng'oa krenki uchungulie ndani, toa kinga ya chini ya bomba la chini mawe yanaporukia, pitisha kitambaa laini cha pamba mwili mzima uone kama kinanasa popote. Gonga kwa sarafu ukisikiliza: sauti kali ikigeuka kuwa nzito na iliyokufa mahali pamoja, pana jambo. Sarafu inaweza kukushtua, lakini haiwezi kukuhakikishia usalama, kwa hiyo sauti nzuri isikulevye.

Fremu bandia zenye majina makubwa zipo pia, na kampuni kama Specialized zimepambana nazo kwa miaka. Stika haibebi mzigo. Kinachobeba ni majaribio: viwango vya kimataifa vya ISO 4210 vinataka fremu ipigwe kwa uzito unaodondoshwa na ikanyagwe na mashine mara 100,000 kabla haijauzwa. Mwenye karakana ya kuiga hana sababu ya kufanya hayo.

Najua tamaa ya baiskeli nyepesi inatoka wapi. Mwendesha baiskeli Nino Schurter alishinda dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016 juu ya baiskeli ya Scott Spark yenye shokapu mbele na nyuma, na baiskeli za aina hiyo leo zina kilo 10 au 11, ilhali Phoenix ina karibu mara mbili ya hapo. Lakini Schurter alikuwa na fundi wa timu. Wewe una gramu za kupunguza na mfuko wako mwenyewe, basi punguza kwenye kaseti, kwenye kiti, kwenye vishikio. Bolti za breki na za usukani ziache za chuma. Tairi jembamba kama karatasi kwenye mawe ya Ngong ni gramu ulizozikopa, na baadhi ya vipuri vyepesi vina kikomo cha uzito wa mpandaji ambacho muuzaji hatakukumbusha.

Na wewe fundi: ukikata bomba la kaboni, tumia msumeno wa meno madogo, lowesha maji, vaa maski na glavu. Vumbi lile huwasha ngozi na halifai mapafuni.

Asikudanganye mtu kwamba jina kubwa ni kinga. Tarehe 2 Machi 2021, kwenye mbio za Le Samyn nchini Ubelgiji, usukani wa mwendesha baiskeli Mathieu van der Poel ulikatika akiwa mashindanoni, na Canyon, waliotengeneza baiskeli hiyo, wakawaambia wenye baiskeli za aina hiyo waache kuzipanda. Hawakusubiri mtu aanguke.

Basi leo jioni, kabla ya kupakia baiskeli kwenye gari: fungua shingo ya usukani uangalie chini ya kibano, toa bomba la kiti, toa hewa ya shokapu ufanye jaribio lile, kisha rudisha kila bolti kwa spana ya torki. Ukikuta ufa, mstari usiofutika au sauti iliyokufa, usipande. Na usimuuzie mwingine.