Jina Bila Mji: Leso Isomwavyo Nusu

Tasnifu nyingi za fasihi ya Kiswahili zinazoshughulikia kanga, au leso kama iitwavyo Mombasa na Kilifi, huanzia na kuishia kwenye jina. Misemo hukusanywa, hugawanywa kwa dhamira za mapenzi, wivu na ujirani, kisha huhakikiwa kana kwamba iliandikwa kwenye karatasi tupu. Mji, yaani mchoro wa katikati, pamoja na pindo, huachiwa wauza nguo. Huo ni usomaji wa nusu.

Wahakiki wa picha za chapa za Uholanzi hawajiruhusu uzembe huo. Mwaka 1614 Roemer Visscher alichapisha Amsterdam kitabu chake Sinnepoppen, ambamo picha ndogo, nyingi zikiwa za vyombo vya kawaida vya nyumbani na vya kazi, ziliandamana na misemo mifupi na maelezo. Kabla yake, katika Flanders, Pieter Bruegel alichora Kiangazi mwaka 1568, mchoro uliokuja kuchongwa na kupigwa chapa: wavunaji wa ngano, na mmoja wao anakunywa kwa pupa hadi mguu wake umetokeza nje ya ukingo. Msimu mzima umo katika kiu ile. Wala ulinganishi huu hautoki mbali, kwani viwanda vya Uholanzi, kikiwamo cha Vlisco mjini Helmond, viliwahi kupiga chapa kanga za soko la Afrika Mashariki.

Ipo hoja ya kupinga, nayo ina uzito. Aliyeoanisha msemo na mchoro mara nyingi alikuwa mfanyabiashara, na msemo uleule hutokea juu ya michoro tofauti. Basi mchoro una maana gani? Jibu limo kwa mnunuzi. Yeye hununua doti nzima, hanunui sentensi.

Huko Vitengeni, bara ya Kilifi, jambo hili ni dhahiri zaidi. Nyumbani husemwa Kigiriama. Jina limeandikwa kwa Kiswahili. Na bibi ambaye hakupata kwenda shule husomewa na mjukuu. Mji hahitaji kusomewa. Korosho lililochorwa kwenye leso yake ni tunda la miezi ya joto, baada ya vuli, na vuli ikikosa kunyesha, uchaga ulio juu ya meko huwa mtupu. Katika nchi izoeayo ukame kama Ganze, msemo wa subira juu ya korosho hausemi lile usemalo juu ya maua ya waridi. Mhakiki anayeviona viwili hivyo kuwa kitu kimoja amehakiki methali, leso hajaigusa.

Ubaya ni kwamba kosa hili halirekebishiki kwa urahisi. Daftari la mtafiti likishajaa majina yasiyo na rangi, mji wala msimu wa kununuliwa, haliwezi kujazwa baada ya miaka kumi. Wakati huo doti yenyewe imekwisha kuwa mbeleko, kisha tambara la kuepulia sufuria.