Sakafu ing'ae, lakini fundi naye apumue

Kama una duka au stoo Busia au Malaba, hii inakuhusu. Mpaka huu hukanyagwa usiku na mchana: mikokoteni ya mahindi, magunia ya omena, boda (jina lenyewe lilizaliwa huku), madereva wa trela wenye viatu vilivyolowa dizeli. Sakafu ya saruji tupu haiwezi. Inafyonza mafuta, inatoa vumbi, na kila ukifagia unapeleka unga wa saruji kwa bidhaa zako.

Kupaka sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya saruji, ni jambo la busara. Shida yangu ni sila ya thina.

Kazi yenyewe hufanywa usiku, mlango umefungwa, ndio duka lifunguliwe asubuhi. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo unatulia chini, pale pale kijana wa mjengo amepiga magoti na brashi. Kichwa kinamgonga, anapata kizunguzungu, anaambiwa akunywe maziwa. Maziwa! Yataingia mapafuni kupitia wapi? Barakoa ya kitambaa nayo haizuii mvuke. Na akitokea mtu na sigara, chumba chote kinaweza kushika moto. Halafu kuna yule anayelala nyuma ya kaunta kulinda mali. Anavuta hiyo hiyo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini kibarua wa usiku mmoja atamdai nani, na wenzake wamejaa mlangoni wakingoja nafasi yake?

Sila za maji zipo, na mvuke wake ni mdogo sana. Ukitaka mng'ao, tafuta ya akriliki. Kwa ghala la nafaka mimi ningechagua silikati: inaungana na chokaa iliyo ndani ya saruji na kuifanya ngumu. Haing'ai, lakini vumbi linapungua.

Saruji mpya ipe siku 28 kwanza. Kisha bandika karatasi ya nailoni sakafuni usiku kucha. Ukipata jasho chini yake asubuhi, unyevu unapanda kutoka ardhini na sila ya kung'aa itabanduka. Ngoja ikauke.

Ukifika hadwea, soma debe: inachanganywa na maji au thina? Muuzaji akikosa jibu, vuka barabara, uulize duka lingine.