Deni Lisimtangulie Fundi



Tangu Kabezi hadi Rumonge, ukifuata barabara ya ziwani, utakuta kazi mbili zinazotulisha: ndagala na mawese. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi. Mawese hukamuliwa kwa mashine za mkono au za mota, kisha madumu hupakiwa garini kwenda Bujumbura, ambako mafuta mengine hugeuzwa sabuni. Kazi zote mbili zina haja ya vyombo vipya. Kwa hiyo suala la fedha za serikali kwa wabunifu wadogo ni letu pia, si la mabwana wa ofisini peke yao.

Tusikatae yaliyofanyika. Mwaka 2020 ilifunguliwa BIJE, benki ya vijana, na mwaka 2022 BIDF, benki ya wanawake. Ni hatua njema. Lakini kazi kubwa ya benki ni kukopesha, na mkopo hurudishwa pamoja na riba. Sisi twasema, mkopo ni wa kitu kilichokwisha kujaribiwa. Anayenunua mashine ya kukamua inayojulikana aweza kuhesabu madumu yake na kujua atalipa lini. Je, fundi anayetaka kujaribu tanuru jipya la kuchemshia chikichi kwa kuni chache, apige hesabu gani? Tanuru likishindwa, deni halishindwi. Litamfuata mpaka shambani kwake. Ndiyo maana mafundi wetu huiga yaliyopo. Si kwamba hawana akili.

Kitu kipya chahitaji ruzuku. Tazameni chanja za waya za kuanikia ndagala, zilizoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini, ambazo FAO ilizieneza kwenye pwani yetu katika miaka ya 2000. Zamani samaki walitandazwa mchangani, wakakanyagwa, na mvua ikija wakaoza. Juu ya chanja hukauka upesi, wakiwa safi. Ni waya na nguzo tu, lakini ilibidi kwanza apatikane wa kulipia majaribio.

Wapo wasemao kwamba fedha ya bure huliwa bure. Hofu yao ina msingi, nasi twaijua. Dawa yake ni kutoa kwa hatua. Marekani, nchi ya mabepari wenyewe, ilipitisha sheria mwaka 1982 iliyozitaka idara zake zenye bajeti kubwa za utafiti kutenga fungu kwa kampuni ndogo. Fedha ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kupima kama wazo lafaa. Aliyefaulu ndiye aliyeweza kupewa ya pili, kubwa zaidi, ya kutengeneza chombo. Ya kukipeleka sokoni alijitafutia mwenyewe. Jirani zetu wa Tanzania nao waliunda SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, nayo imefika mpaka Kigoma, kwenye michikichi kama yetu.

Basi sisi wafanyakazi twadai haya. Kwanza, fomu za maombi ziwe kwa Kirundi na Kiswahili pia, maana fundi mwema si lazima awe mwandishi wa Kifaransa. Pili, vyama vya ushirika vya wafanyakazi vipewe nafasi sawa na kampuni. Tatu, anayepokea ruzuku awaandikishe wafanyakazi wake INSS na afunike mikanda na gia za mashine zake. Fedha ya umma isikate vidole vya umma. Nne, mashine ikiondoa kazi ya watu kumi, hao kumi wawe wa kwanza kufundishwa kazi mpya. Tano, majina ya waliopewa, na kiasi walichopewa, yabandikwe kwenye ofisi ya komini, kila mtu asome.

Fedha hii si sadaka. Hutoka katika kodi ya mishahara yetu na ya sabuni tunayofulia. Mwenye mali haombi kwa kupiga magoti. Huuliza mali yake imekwenda wapi. Tuulize kwenye mikutano yetu, tena tuulize pamoja.