Hakuna Seramu Inayoosha DNA, na Mimi Nilikuwa Nawauzia

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe kabla mtu hajaifukua. Mwaka jana nililipwa 20,000 nifanye video ya sekunde arobaini. Nimeshika kichupa cha seramu, natabasamu kama nimeshinda beti, nasema: "Hii inafuta alama za jua kwa jeni zako. Ni epijenetiki, wasee!" Epijenetiki ni nini? Sikuwa najua. Nilisoma skripti vile nilipewa, nikaweka namba yangu ya diskaunti, nikalipa kodi ya nyumba.

Miezi michache baadaye msichana mmoja akaniandikia inboksi. Ndugu yake mdogo ana ualbino. Mama yao aliona video, akaacha kununua mafuta ya jua, pesa akaweka kwa seramu. Si nilisema inafuta? Sasa mtoto alikuwa na kidonda kwa sikio, wiki ya sita hakiponi. Akaniuliza: "Hiyo kitu inafanya kazi ama ulikuwa unaigiza tu?"

Nilimwambia ukweli, nikamwomba wampeleke kliniki ya ngozi kesho yake. Kidonda kilikatwa, na daktari akawaambia wamewahi. Wangengoja kichupa kiishe, sijui ningewaambia nini.

Najua kuna wenye watasema: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, leo unatufunza bayolojia? Sawa. Lakini nilipokuwa nauza, hakuna mtu aliniuliza cheti.

Basi nimesoma, na hii ndiyo nimeelewa.

Chukua seli moja ya ngozi kama matatu. Kuna jeni inaitwa CDKN2A. Inatengeneza protini ya p16, na p16 ni breki: inazuia seli kugawanyika ovyo. Miale ya jua inaweza kubadilisha herufi zenyewe za DNA. Hapo breki imevunjika. Lakini kuna njia ya pili. Vikemikali vidogo vinavyoitwa methili vinajibandika kwa DNA, pale jeni inapowashiwa, na jeni inanyamaza. Herufi zote ziko sawa, breki ni nzima, lakini dere akikanyaga hakuna kitu. Hiyo ndiyo epijenetiki, na kwa baadhi ya melanoma, jeni ya p16 imepatikana imezimwa hivyo. Matatu inaingia mtaroni vilevile.

Sasa wauzaji wameshika ukweli mmoja: hizi alama, tofauti na herufi zilizoharibika, zinaweza kuondolewa. Ni kweli. Halafu wakaruka kutoka hapo hadi kwa kichupa cha 3,500.

Mwaka 2015 watafiti Marekani walilinganisha ngozi inayopigwa na jua na ile inayokaa chini ya nguo. Kwa tabaka la juu la ngozi ya wazee iliyopigwa jua miaka mingi, alama za methili zilikuwa zimepungua kwa maeneo makubwa ya DNA. Soma tena. Zimepungua. Kwa hivyo shida si alama kuzidi peke yake. Kwa jeni moja alama zinaongezeka na breki inazimwa, kwingine zinapotea na vitu vilivyofaa kulala vinaweza kuamka. Sasa wewe unaniuzia kitu "kinachofuta alama". Alama gani? Kwa seli gani? Ukifuta kila mahali, unaweza kuwa unamalizia kazi ambayo jua lilianza.

Na dawa za epijenetiki ziko, za ukweli. Vorinostat iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kutibu limfoma ya seli T inayotokea kwa ngozi. Inagusa histoni, yaani zile protini ambazo DNA imejizungushia. Lakini ni vidonge, si seramu. Ni ya wagonjwa wenye limfoma hiyo, na daktari anakupima damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe za kugandisha damu, na inaweza pia kuleta damu iliyoganda kwa mapafu. Dawa yenye nguvu ya kubadilisha jinsi seli inasoma jeni huwa inakuja na hatari zake. Kama ya kichupa haina hatari yoyote, jiulize inabadilisha nini.

Nilipotoa ile video, watu walikuja kwa komenti kunitetea: "Relax, sisi weusi hatupati kansa ya ngozi." Hiyo nayo ikome. Melanini inatukinga sana, hilo sibishi. Lakini melanoma kwa mtu mweusi mara nyingi inajificha kwa nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali hata jua halifiki sana. Bob Marley alikuwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Na "sisi" ni nani? Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Hao hawana hiyo melanini ya kujivunia kwa komenti. Kwao mafuta ya jua si urembo, ni kinga ya uhai, ndiyo maana Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa bure. Mtu akiacha mafuta hayo juu ya video yangu, hiyo si "content" tena. Hiyo ni kumdhuru mtu.

Kwa wenzangu wa kamera: brandi ikikuletea neno hujui, uliza maswali matatu. Jeni gani? Ilijaribiwa kwa nani? Nani nje ya kampuni amethibitisha? Wakikujibu na emoji, rudisha pesa. Usiniambie njaa. Mimi pia nilikuwa na njaa.

Kwa nyinyi wengine: kofia pana, mikono mirefu, kivuli saa za jua kali, mafuta ya SPF 30 kwenda juu kama ngozi yako inaungua. Angalia nyayo na kucha zako leo usiku. Doa linalobadilika ama kidonda kisichopona wiki nne, peleka kwa daktari, si kwa influensa.

Kama ulinunua kwa namba yangu ya diskaunti, nitumie risiti inboksi. Siwezi kulipa kila mtu, lakini nina zile 20,000 na nitarudisha hadi ziishe. Wenye ualbino na familia zao mbele ya foleni.