Mkopo Usitangulie Kazi

Kwa: Wanachama wote wa kikundi chetu cha mafundi uchomeleaji
Yah: Maombi ya mkopo wa halmashauri

Ndugu wanachama,

Tangu afisa maendeleo ya jamii wa kata atutangazie kwamba maombi ya mikopo ya asilimia 10 yanapokelewa, wengi mmenipigia simu mkiuliza tutapata kiasi gani. Naomba tuanze na swali jingine: hela ikiingia, itafanya kazi gani?

Tukumbushane kwanza ni hela ya nani. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini si sadaka. Imetoka kwenye ushuru wa masoko na leseni za biashara za majirani zetu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha, huku ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikitaja vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya. Katikati hapo, hata vikundi vilivyokuwa vinalipa vizuri vilikosa.

Ugonjwa tunaujua: kugawana. Kikundi kinaundwa kwa ajili ya mkopo, hela ikitoka kila mtu anaondoka na fungu lake, na siku ya marejesho anatafutwa mwenyekiti peke yake. Sisi tuna kazi tayari. Kinachotupungukia ni vifaa na wateja wa uhakika, kwa hiyo napendekeza haya:

Kwanza, mkopo ununue mashine na vyuma kwa jina la kikundi. Asipewe mtu fedha mkononi.

Pili, kuanzia wiki hii kila geti na kila dirisha liandikwe daftarini: gharama, bei, faida. Andiko la mradi litoke humo, tusinunue la kunakili stationari.

Tatu, tusiishie kusubiri wateja wa mtaani. Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Madawati na grili za shule ni kazi tunayoiweza. Tukamilishe usajili wa kikundi, kisha tujisajili kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma.

Nne, waliojifunzia ufundi gereji waende VETA wakapimwe na kurasimishiwa ujuzi wao. Mkopo utakwisha, cheti kitabaki. Na tuanze kuchangia NSSF kwa hiari, maana macho na mgongo wa mchomeleaji havidumu milele.

Jumapili tukutane karakana. Kila mmoja aje na bei ya mashine kutoka duka tofauti. Anayetaka mgawo aseme hapo hapo, kabla hatujasaini. Tukishasaini, dawa ya deni ni kulipa.

Wenu katika kazi,
Katibu wa kikundi