Nyeri ina kaburi, Tabora ina historia

Na Mwandishi Wetu, Tabora

KABURI la Robert Baden-Powell, mwanajeshi Mwingereza aliyeasisi skauti mwaka 1907, lipo Nyeri nchini Kenya, alikofariki dunia Januari 8, 1941. Jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo kwa maskauti humaanisha kwamba msafiri amekwenda nyumbani. Kenya imelitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa.

Tabora nayo ina dai lake, ingawa halizungumzwi sana. Mwaka 1937 kijana Julius Nyerere aliingia Shule ya Serikali Tabora. Hakuwa mpenzi wa michezo, lakini baada ya kusoma kitabu cha Baden-Powell alisaidia kuanzisha kikosi cha skauti shuleni hapo.

Hata hivyo, suala la kuiwekea historia hiyo kumbukumbu lina utata. Shule hiyo ilikusudiwa kuwaandaa watoto wa machifu na watumishi wa utawala wa Waingereza. Baden-Powell mwenyewe alijipatia sifa Mafeking, katika Vita vya Makaburu. Wapo watakaouliza, na wana haki, iweje nchi huru imtukuze askari wa mkoloni.

Lakini anayestahili kukumbukwa Tabora si askari huyo, bali mwanafunzi. Walimu walimpendekeza Nyerere awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba alikuwa mpole mno. Katika skauti, kila kikundi kidogo huongozwa na kijana mwenzao. Chombo kilichoundwa na wakubwa wa dola kikawa pia uwanja wa vijana kujifunza kujiongoza.

Mwaka 2006 njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley, ni kituo kimojawapo. Mgeni akiishia hapo, anaondoka na simulizi ya utumwa na ya Wazungu wawili. Akifikishwa na shuleni, ataondoka na simulizi ya uhuru.

Si lazima pajengwe sanamu ya gharama kubwa. Kibao cha Kiswahili langoni, na maskauti wa leo wakiwa waongozaji wa wageni, vingetosha kuanzia. Wengi waliosoma na Mwalimu wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na historia isiyoandikwa hufuata wenyewe kaburini.