Dakika Hamsini za Nani? Suneka, Nairobi na Maana ya Umbali

Aghalabu, mtu anapoulizwa umbali uliopo baina ya miji miwili siku hizi, hutaja tarakimu mbili: kilomita za angani na dakika za ndege. Kutoka Suneka hadi Nairobi, mstari ulionyooka juu ya ramani ni kilomita 240 hivi, na ndege ndogo huweza kuumaliza kwa muda usiofika saa moja. Tarakimu hizo ni sahihi. Swali ni je, zinamhusu nani?

Suneka ipo kilomita chache kutoka mjini Kisii, kando ya barabara kuu iendayo Migori, na ina uwanja wake mdogo wa ndege. Hata hivyo, Mgusii wa kawaida huenda Nairobi kwa matatu: Keroka, Sotik, Bomet, Narok, kisha Bonde la Ufa na ule mlima wa Mai Mahiu. Kilomita 240 hugeuka 300 na ushei, na saa moja hugeuka sita au saba, mvua ikiridhia. Wengi wanaotaka ndege huelekea Kisumu kwanza, zaidi ya kilomita 100 upande wa kaskazini, ilhali waendako ni mashariki. Ndege ya Kisumu hutumia kama dakika 50 hadi Nairobi. Tikiti haitaji saa za barabarani zilizotangulia, wala msongamano wa magari unaomsubiri msafiri akishatua.

Kiswahili kina msamiati wa kuondoa utata huu. Umbali, neno litokanalo na mbali, hueleza nafasi tu, msafiri awepo asiwepo. Mwendo hutokana na kitenzi enda, na ndiyo maana humdai mwendaji: mwendo wa siku mbili kwa miguu, mwendo wa saa moja kwa gari. Mabaharia wa pwani walilijua jambo hili barabara. Safari baina ya Unguja na Maskati ilihesabiwa kwa pepo. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha, na nahodha aliyepitwa na kusi alikaa miezi akisubiri, ingawa upana wa bahari haukuongezeka hata shubiri moja. (Kwamba kiumbe na chombo vyote huitwa ndege ni jambo la kupendeza, ila yule mwenye manyoya haulizwi nauli.)

Hapa si suala la istilahi pekee. Asemaye kwamba Nairobi i karibu kwa kuwa ndege hufika upesi humpimia mgonjwa aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Kenyatta kwa kipimo cha mwenye tikiti. Humpimia vivyo hivyo mchongaji wa Tabaka, jirani ya Suneka, ambaye vinyago vyake vya mawe ni vizito mno kubebwa na ndege kwa bei itakayomwachia faida.

Walimu na watunzi wa vitabu vya kiada wana nafasi ya kurekebisha hili. Zoezi liulizalo umbali wa miji miwili liulize pia mwendo, chombo na nauli. Na mwanafunzi wa Suneka akiandika kwamba Nairobi ni mwendo wa saa saba, asahihishwe tahajia, hesabu yake iachwe.